Eda ya Ilwad

Griftu, 17 Mei 2020

Mwanangu Ilwad,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu mumeo azikwe sijakuandikia hata mstari mmoja, na mtu aliyekufundisha kuandika barua hana udhuru wa kutoandika. Ni kweli kwamba mnara wa simu wa huku uliharibiwa mwezi wa kwanza na mpaka leo haujatengenezwa. Lakini karatasi ipo, kalamu ipo, na lori la Khalif linaruhusiwa kupita vizuizini kwa sababu limebeba unga na sukari. Sababu ya kweli ni kwamba kila nilipoanza kuandika, sikujua niweke nini baada ya salamu.

Sisi hatujambo. Mama yako mlezi, Fadumo, anafunga Ramadhani bila kulalamika, ingawa goti linamsumbua. Mvua ilinyesha vizuri na ngamia wanatoa maziwa, ila nzige walipita na kutuachia vichaka vitupu upande wa magharibi. Msikiti umefungwa. Tarawehe tunaisali nyumbani, mimi na yeye, naye hulalamika kwamba nachagua sura ndefu mno kwa jamaa ya watu wawili.

Najua matanga ya Mohamedamin hayakufanyika ilivyostahili. Mtu aliyewapelekea watu wa kambi za wakimbizi maji kwa lori lake miaka yote hiyo alistahili ua uliojaa wageni. Badala yake alizikwa na wanaume wachache waliosimama mbalimbali. Hukuniambia aliugua nini, nami sikukuuliza.

Sasa pokea nasaha. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda ndani ya nyumba miezi minne na siku kumi. Zamani angekaa yeye ndani na dunia ingeendelea nje. Mwaka huu dunia nzima imeingia eda, kwa hiyo usijione uko peke yako. Amka alfajiri utandike kitanda kabla ya kufanya lolote. Redio isikilize mara moja tu kwa siku, kwani idadi ya wagonjwa haipungui kwa kusikilizwa. Mfundishe binti yako Nasteha herufi. Mama mwenye mwanafunzi hana nafasi ya kukata tamaa. Na kila jioni mshukuru Mungu kwa jambo moja lililo dhahiri, si kwa maneno ya jumla.

La mwisho nalidokeza tu, kwa kuwa sheria hairuhusu mjane aposwe waziwazi akiwa ndani ya eda. Mzee Alio, baba mkwe wako, alinijia hapa kisimani. Unaijua desturi yetu ya dumaal, ya ndugu kuishika nyumba ya ndugu yake aliyefariki. Hanad, mdogo wa marehemu, hajaoa. Sisemi zaidi ya hapo. Nijibu kwa lori hilohilo.

Ni mimi adeer, ami yako,
Maalim Kerrow

*

Dadaab, 9 Juni 2020

Adeer,

Walaykum salaam warahmatullah. Barua yako ilinifikia siku chache baada ya Idi, ikinukia sukari. Idi tuliisali chumbani. Nasteha alivaa gauni la mwaka jana, ambalo mama mkwe wangu, Rahmo, aliliongeza urefu kwa kitambaa cha rangi nyingine, na mtoto amewaambia majirani kwamba hiyo ndiyo mitindo ya sasa.

Mama Rahmo hajui kusoma Kiswahili, basi aliniuliza umeandika nini. Nikamwambia umesema tuamke alfajiri. Akajibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kuamka baada ya alfajiri, na kwamba walimu wakikosa wanafunzi huwa na maneno mengi.

Nasaha zako nilizijaribu, Adeer. Nilitandika kitanda. Kikishatandikwa, siku bado ilikuwa pale pale, ndefu vile vile. Redio niliizima, lakini ya jirani haizimiki. Nasteha anajua herufi hadi M. Na shukrani nilizifanya: jioni ya kwanza nilishukuru kwa maji, na ya pili pia nikashukuru kwa maji. Ya tatu nikamkumbuka aliyekuwa akiyaleta maji hayo, nikaacha.

Kambi zimefungwa, hakuna anayeingia wala kutoka bila kibali. Watu wanaopita mbele ya nyumba yetu hujifunika pua kwa mashungi hata wakiwa hawana barakoa, kwa sababu wamesikia kuna kifo humu. Yurub, mke wa jirani, aliniletea rambirambi kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, kama anayeita mbuzi. Nadhani baadaye aliona haya, maana alinipigia simu. Akasoma aya, akaniombea subira, kisha hakukata. Nikangoja. Akaanza kulia, na hakuwa akimlilia Mohamedamin. Mume wake alikwenda Eastleigh kununua bidhaa, mtaa ukafungwa yeye akiwa ndani, na huko anaumwa. Mimi sikuwa na pa kwenda, nikamsikiliza hadi alipochoka.

Kesho yake alimpa mwenzake nambari yangu. Mwenzake naye akampa mwingine. Sasa simu hainyamazi. Nasikia wanaambiana, "Mpigie Ilwad, yeye yumo tu." Kuna mmoja hunipigia akiwa anapika. Juzi alikuwa analia kwa kwikwi, akasita, akamfokea mbuzi atoe kichwa kwenye unga, kisha akaendelea kulia kutoka pale pale alipoachia. Nilicheka kabla sijajizuia. Naye akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Siwapi nasaha. Wakiuliza wafanye nini, huwaambia sijui, waendelee kusema.

Msalimie mama Fadumo. Goti alikande kwa mafuta ya ufuta yenye moto.

Mwanao,
Ilwad

*

Griftu, 5 Julai 2020

Mwanangu Ilwad,

Assalamu alaykum. Mama yako amekanda goti na anasema amepata nafuu, ingawa sijui kama ni mafuta au ni kutajwa kwenye barua. Ndama wawili wamezaliwa. Mwalimu mwenzangu niliyefundisha naye miaka ishirini amefariki Wajir mjini. Sikwenda kumzika. Nimezoea kusema kwamba sikwenda kwa sababu ya amri ya serikali.

Barua yako niliisoma nikitafuta jambo moja, sikuliona. Nikaisoma tena. Umeandika habari za mbuzi na unga, hukuandika lile.

Kuhusu wanawake hao, jihadhari. Anayechota maji ya visima vya watu wote huishiwa na kamba yake mwenyewe. Eda ni utulivu, na kusikiliza vilio mchana kutwa si utulivu. Mimi nimeweka ratiba na ninaifuata. Vitabu vyangu nimevipanga kwa majina ya waandishi, kisha nikavipanga upya kwa ukubwa, na sasa nafikiri mpango wa kwanza ulikuwa bora. Nikikaa nataka kusimama. Nikisimama Fadumo huniuliza ninakwenda wapi, na hakuna palipo wazi.

Lile nililolidokeza umelinyamazia, nami nimeelewa. Mwanamke aliyelelewa vizuri haulizwi mara mbili. Nimemwambia mzee Alio kwamba upande wetu hauna pingamizi. Eda ikiisha na njia ikiruhusu, Hanad atakuja Dadaab. Nyumba yako itakuwa na mlango, na mtoto atakua mbele ya damu yake. Katika mwaka huu ambao hakuna ajuaye nani atafika mwisho wake, hilo si dogo.

Nakatiza hapa. Khalif anapiga honi.

Adeer yako,
Maalim Kerrow

*

Dadaab, 26 Julai 2020

Adeer,

Walaykum salaam. Nasteha ameng'oka jino la mbele na amefika herufi W. Mama Rahmo ni mzima. Sisi wote ni wazima.

Mama Rahmo alijua habari ya Hanad kabla yangu. Khalif alimletea ujumbe wa mdomo kutoka kwa mzee Alio, na barua yako akanipa baada ya chai. Nilikuta pazia la chumba chetu limeteremshwa na kufuliwa, na nguo za Mohamedamin zimefungwa ndani ya shuka. Nikamuuliza mama Rahmo kulikoni.

"Mgeni wa nyumba haingizwi kwenye vumbi," akasema.

"Mgeni gani?"

"Mimi naulizwa? Muulize adeer yako, ndiye aliyesema."

Adeer, nilikuwa na miaka tisa uliponikalisha barazani ukanifundisha kwamba idhini ya msichana ni kunyamaza kwake, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa huulizwa, na hujibu kwa kinywa chake. Ulinifanya nilirudie mara nyingi mpaka nikalisema bila kusita. Imekuwaje basi unichukulie jibu la msichana?

Kosa langu ni kwamba nilinyamaza makusudi. Nilidhani nisipoligusa litapita, kama nzige walivyopita.

Sasa nitakuambia ambalo hukuniuliza. Mohamedamin alirudi safarini akiwa na homa na kifua. Hakuna aliyempima, kwa hiyo sitasema ilikuwa nini. Alijifungia chumbani na kunikataza nisiingie, kwa ajili ya mtoto. Alilala nyuma ya mlango, mimi nikakaa upande huu, tukawa tunazungumza. Alinitania kwamba sasa tumerudi kwenye uchumba, wakati ulipokuwa ukituchunga. Siku ya tano, baada ya adhuhuri, nilimwita hakujibu. Nikadhani amepata usingizi, nikamshukuru Mungu, nikaenda kupika.

Ndiyo maana mwanamke akinyamaza kwenye simu sikati. Huwa naendelea kumwita.

Wanaopiga simu ndio walioniamsha, Adeer, si kitanda. Shirika moja la hapa limesikia habari zao. Wanataka eda ikiisha wanifundishe kazi hiyo ya kusikiliza kwa utaratibu wake, niwe nikiwapigia wanawake wa kambini waliofiwa ambao hakuna anayeruhusiwa kwenda kuwapa pole. Sijawajibu.

Hanad sina ubaya naye. Alipokuwa akisoma hapa alikula kwangu, na ni mtu mpole. Lakini sijui kama mpole huyo atakubali mkewe ashinde na simu ya watu. Na nikikataa, najua litakalosemwa kuhusu Nasteha, kwamba mtoto ni wa kwao. Usingizi umenitoka kabisa. Ugonjwa huu nimekwisha kuuona uso wake, hauniogopeshi kama zamani. Kinachonivunja ni kukaa ndani huku mambo yangu yakitembea nje bila mimi.

Jambo moja tena. Khalif anasema kila anapopita asubuhi anakuona umekaa kwenye ngazi ya shule iliyofungwa, na kwamba unakohoa. Hukuniandikia hilo.

Mwanao,
Ilwad

*

Griftu, 16 Agosti 2020

Mwanangu Ilwad,

Assalamu alaykum warahmatullah. Idi ya kuchinja ilipita kwa amani. Mama yako anakusalimu na anasema nisiandike makali, nami nimemwahidi.

Khalif amesema kweli. Nilikohoa tangu katikati ya mwezi wa sita. Nililala kwenye kibanda cha mbuzi nikamwambia Fadumo ndani kuna joto. Asubuhi nilikwenda shuleni kwa sababu sikutaka aone ninavyohema. Sasa kikohozi kimeisha kabisa. Lakini wakati ule niliamini siku zangu zimefika. Ndugu yangu alipofariki alikuacha mkononi mwangu, nikajiuliza nikienda nitakuacha mkononi mwa nani. Nilitaka kukuweka mahali penye mlango kabla sijafunga wangu. Lile la barazani sikulisahau, Ilwad. Hofu ilinisomesha upande niliouhitaji.

Nilikwenda kwa mzee Alio. Tulikaa karibu na kisima, yeye na wazee wawili wa kwao, kila mtu barakoa kidevuni na nafasi kubwa kati yetu, kama serikali inavyotaka. Kwa hiyo neno la kunong'onezwa ilibidi tupayuke, na wanawake waliokuwa wakinywesha ngamia walisikia kila kitu na kutoa maoni yao.

Mzee Alio akasema, "Maalim, lile neno ulinipa au uliniazima?"

"Nilikupa lisilokuwa langu," nikamjibu.

Mmoja wa wanawake akasema walau mwalimu amejisahihisha. Mzee Alio hakucheka. Alikaa akichora mchanga kwa fimbo, kisha akasema mama ana hiari yake, lakini mtoto wa Mohamedamin hatalelewa na simu. Nikamkumbusha kwamba sheria humpa mama malezi ya mtoto mdogo. Akasema sheria anaijua na desturi anaijua, na amezikuta zote mbili hapa duniani. Tuliachana bila kupeana mikono, na haikuwa kwa ajili ya korona.

Nililolipata ni hili: hakuna atakayesema lolote hadi wewe useme. Nililokosa ni mtoto. Kuhusu huyo hakuniahidi kitu, na sitakudanganya kwamba aliahidi. Watu wa kwao sasa hunisalimu kwa mbali, na wakiwa na nyaraka za kusomewa huzipeleka kwa mwingine.

Hanad ameondoka na lori la Khalif, hili hili linalobeba barua yangu. Sikuwa na haki ya kumzuia. Sikupi nasaha. Nilizokuwa nazo zimeisha, na nyingi nilikuwa nikijipa mwenyewe.

Adeer yako,
Kerrow

*

Dadaab, 20 Septemba 2020

Adeer,

Walaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nimefurahi kuhusu kifua chako kuliko ninavyoweza kuandika. Nasteha amemaliza herufi na sasa anaandika jina lake kwenye ukuta, mlango na mfuko wa unga. Mume wa Yurub amerudi kutoka Nairobi, amekonda, na Yurub amenipigia kulalamika kwamba anakula sana.

Eda iliisha. Nilioga, nikabadili nguo, nikatoka. Nilitembea hadi kwenye barabara kuu nikarudi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu, lakini watu wote walikuwa wamefunika nyuso na sikumjua yeyote, nikatamani kurudi ndani. Siku iliyofuata nilifika sokoni. Nakwenda hivyo, kidogo kidogo.

Hanad yuko hapa. Analala kwa rafiki yake karibu na msikiti. Siku aliyokuja, mama Rahmo alikuwa amepika mikate ya anjera na nyama tangu asubuhi, lakini yeye alisimama langoni akakataa kuingia mpaka nimkaribishe mimi. Mama Rahmo akamwambia chakula hakingoji adabu. Akaendelea kusimama. Nilipomkaribisha aliketi mbali, akasema, "Shemeji, hata mimi sikuulizwa."

Tulizungumza mama akiwa jikoni na mlango wazi. Alisema hana mwanamke mwingine anayemtaka, na kwamba angeishika nyumba ya kaka yake bila kinyongo. Alisema nikikataa atamwomba baba yake aniachie Nasteha, lakini hawezi kuahidi kwamba atasikilizwa, kwa sababu yeye ndiye mdogo kwao. Nikamuuliza kuhusu simu. Wakati huo ilikuwa inalia, na wala sikuipanga.

"Sijui," akasema. "Nikikubali leo, itakuwa ni kwa sababu umeniuliza. Sijui nitakuwaje ikilia wakati nina njaa."

Jibu hilo lilinipendeza, na tangu siku hiyo halinipi raha. Angenidanganya ningejua la kufanya.

Mama Rahmo naye amenichanganya. Wiki iliyopita alinipigia simu mama mmoja wa kambini aliyefiwa na mwanawe wa kiume, mkubwa, kama wake. Nilikuwa nachemsha samli, mikono ina mafuta, nikamwomba mama Rahmo ashike simu. Alikaa nayo hadi magharibi. Sikuwa nimewahi kumwona akimlilia Mohamedamin. Alipomaliza alinirudishia akasema betri yangu ni mbovu, na hajalitaja tena. Lakini nguo za mwanawe amezifungua kutoka kwenye shuka.

Shirika linataka jibu kabla mwezi haujaisha. Mzee Alio anataka jibu. Asubuhi huwa nimekubali. Ikifika alasiri nimekataa, na nikimwangalia Nasteha akilala naanza upya. Nimepata kile nilichokugombezea, Adeer, yaani kujibu kwa kinywa changu, na ni kizito kuliko nilivyodhani. Hata hivyo sikirudishi.

Usitume mtu kuniuliza, na usinihurumie kwa kuniamulia. Nikishaamua nitakuandikia kwa mkono wangu, wewe kwanza, kabla ya mzee Alio na kabla ya huyu mama aliye jikoni. Mpaka barua hiyo ikufikie, wakikuuliza pale kisimani, waambie mjane hajasema.

Mwanao,
Ilwad